Toleo la Zamani Sibadilishi

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa kule Chole, Kisarawe, na shule yangu ikafa naye. Nilikuwa darasa la tatu. Nilijua kusoma kwa kufuata herufi na kidole, nilijua kujumlisha na kutoa. Kuzidisha ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza. Mama alisema mtoto wa kike akijua kuandika jina lake inatosha, akanikabidhi jembe. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Naandika hivi ili anayenisoma ajue mapema anasoma maneno ya nani. Darasa la tatu, tena halikuisha.

Kushona nilijifunza Maneromango, kwa kuchungulia. Akina mama wa misheni walikuwa na darasa lao la ushonaji kwa mabinti wa kanisani. Mimi binti wa Kiislamu, tena sina ada, kazi yangu pale ilikuwa kuwapelekea mihogo jikoni. Nikishatua kikapu nasimama dirishani naangalia mikono yao. Siku ya nne mwalimu aliniona. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Alisogeza tu kiti chake pembeni ili asinizibe. Basi, hiyo ndiyo ada niliyosamehewa maishani. Nikajua kudarizi.

Nilidarizi foronya na vitambaa vya meza miaka mingi. Nikahamia Kibaha na cherehani moja ya kukanyaga, nikaingia kwenye sare za shule, kwa sababu Kibaha kila ukigeuka kuna shule. Nembo za kifuani nilikuwa nazidarizi kwa mkono, moja moja, mpaka macho yakaanza kunigomea. Ndipo nikanunua mashine ya kudarizi inayoendeshwa na kompyuta, kwa bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa anafunga karakana yake ahamie nje ya nchi. Unachora nembo kwenye programu, unabonyeza kitufe cha kutuma, mashine inashona yenyewe.

Yule bwana aliniambia, "Mama, kompyuta hii haifanani na ulizozoea. Ina Linux. Walimu wakikuletea flashi zao zenye virusi, hii haiugui."

Nikamjibu, "Mimi sijazoea yoyote, kwa hiyo nionyeshe."

Nilimfuata wiki mbili, kila siku baada ya adhuhuri, na daftari langu. Kila amri aliyoandika kwenye dirisha jeusi la kioo cha kompyuta niliinakili kwa kalamu kama ilivyo, na vistari vyake na nukta zake. Maana yake sikuijua. Maana ilikuja baadaye, pole pole, kama uchumba wa zamani.

Sasa hapa msomaji anisikilize vizuri, maana ndipo ugomvi wote ulipo. Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta, hutoka kwa matoleo. Kila baada ya muda linatoka toleo jipya, na la zamani linaendelea kutunzwa kwa miaka kadhaa. Programu yangu ya nembo inafanya kazi kwenye toleo nililonalo tu. Aliyeitengeneza aliacha kazi hiyo zamani. Niliwahi kumruhusu kijana mmoja anipandishie toleo, akasema ni jambo la saa moja. Programu haikufunguka tena. Nembo zangu zote zilikuwamo kwenye diski, na hakuna cha kuzisomea. Siku sita nilikaa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyojenga mwenyewe, mpaka toleo la zamani likarudishwa. Siku ile nikasema, toleo hili halibadilishwi nikiwa hai. Nembo thelathini na moja za shule za Kibaha na Kisarawe zimo humo. Nimezichora mimi, uzi kwa uzi, na tai mwenye mabawa, na mwenge, na kitabu kilichofunguliwa. Silei mtoto mara mbili.

Mwaka juzi, mwezi wa Desemba, mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na uliporudi ulirudi kwa hasira. Kompyuta ikatoa moshi. Nikampigia fundi wangu.

Huyu fundi ni Mnyamwezi na mimi ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu. Asiyejua utani ajue. Mtani anakutukana mbele ya wageni na huruhusiwi kununa. Nilipofiwa na mume wangu, bwana huyu alikalia jembe la kuchimbia kaburi, akasema hachimbi mtu hapa mpaka apewe kuku. Watu walicheka huku wanalia. Kuku akatolewa.

Alifika, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu kama babu zako?"

"Babu zangu walitembea wakafika. Wako walikuwa wanapiga ngoma wakiwasubiri."

Akafungua kompyuta, akanusa, akatikisa kichwa. Ubao mkuu ulikuwa umeungua. Diski ilikuwa nzima. Akaniletea kompyuta nyingine ya mtumba, mpya zaidi ya ile kwa miaka mingi, akaihamishia diski yangu. Ikawaka. Nembo zangu zote hizo hapo. Nikasema alhamdulillahi. Nilishukuru mapema.

Kioo kilikuwa kimejaa maandishi makubwa makubwa, kama tangazo la mkutano wa hadhara. Programu ilifunguka lakini haikuenea. Kitufe cha kutuma kilibaki chini ya ukingo, mahali ambapo huwezi kukiona wala kukifikia. Na mtandao haukuwepo kabisa. Mtani akahangaika mpaka alasiri, akaondoka akisema anakwenda kusoma.

Na wakati huohuo nilikuwa na sweta za shule moja kubwa, za wanafunzi wapya wa Januari. Shule hiyo ndiyo nguzo ya karakana yangu. Wanawake wawili ninaoshona nao wanalisha watoto kwa kazi hiyo. Ikiondoka, wao wanarudi kuuza maandazi barabara ya Morogoro, na mimi narudi kwenye kukunja pindo za suruali.

Jumanne mkuu wa shule akaja, mama mmoja mpole lakini hana mchezo. Alifuatana na mwalimu wake wa kompyuta, kijana mwenye shati lililonyooka. Kijana akainama kwenye kioo, akatabasamu.

"Bibi, tatizo naliona. Hili toleo limepitwa na wakati."

"Limepitwa na nani? Masasisho ya usalama bado linaletewa, nayaweka mwenyewe kila wiki."

"Ndiyo bibi, lakini vifaa hivi ni vipya, halivitambui. Dawa ni kufuta, unaweka toleo jipya."

"Toleo jipya litafungua programu yangu?"

"Tutatafuta programu nyingine."

"Na nembo zangu?"

"Zitachorwa upya."

"Na nani?"

Akaangalia viatu vyake.

Mkuu wa shule akasema, "Mama, mimi kazi yako naipenda, lakini wazazi hawanisubiri. Ijumaa saa nne asubuhi nitapita. Nikute sweta tatu zilizodariziwa. Nisipozikuta, kazi yote naipeleka Kariakoo, na usinichukie."

"Ijumaa saa nne utazikuta," nikasema. Sikuwa na habari zitatoka wapi. Walipofika nje nikamsikia kijana akimwambia mkuu wake, "Huyu bibi mbishi, ataipoteza kazi kwa ubishi." Hapo alisema kweli nusu. Mimi ni mbishi. Ubishi ndio ulionitoa Chole.

Jumatano mtani alikuja anacheka peke yake.

"Mtani, nimekupatia dawa. Hatugusi toleo. Tunabadilisha keneli tu."

"Keneli ndiyo nini?"

"Ni msimamizi wa kiwanda. Programu zako zote zikitaka kitu zinamwomba yeye, na yeye ndiye anayezungumza na vyuma. Msimamizi wako ni mzee, vyuma hivi vimeletwa hajawahi kuviona. Sasa yule kijana anataka kubomoa kiwanda kizima. Ya nini? Unaleta msimamizi mpya, kiwanda kinabaki."

"Na programu yangu?"

"Haitajua hata kama kuna mtu amebadilishwa. Tena hao hao wenye toleo lako ndio walioiandaa. Wanachukua keneli ya matoleo ya mbele, wanaishonea toleo la nyuma, kwa ajili ya watu wagumu kama wewe."

Hilo la kushonea lilinipendeza. Ni kama kutoa kola iliyochakaa ukaweka mpya kwenye shati lile lile. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na hakuna mteja aliyeniambia shati lake limepitwa na wakati.

Mtandao haukuwepo, kwa hiyo tukachomeka simu yangu kwa waya, kompyuta ikanywa bando kutoka kwenye simu. Amri niliiandika mimi, kidole kimoja, yeye ananitajia herufi. Jina la hiyo keneli refu kama treni ya kwao. Maandishi yakakimbia kwenye dirisha jeusi dakika nyingi. Tukazima, tukawasha.

Kioo kikafunguka. Maandishi yakawa madogo, masafi, yamepangika. Programu ikaenea, na kitufe cha kutuma hicho, kimekaa mahali pake. Mtandao nao ukaja. Nilipiga kigelegele, wanawake wangu wakaja mbio wakidhani kuna harusi.

Mtani akafunga begi lake. Alikuwa na safari ya Tabora, kwenye msiba wa shangazi yake, basi linamsubiri.

"Sikiliza, Bi Mkubwa. Keneli ya zamani nimeiacha humo humo. Usiiguse. Ile ni mume wako wa kwanza. Huyu mpya akikukimbia, utamhitaji."

"Mume wangu wa kwanza nilimzika, na kuku ukala wewe."

"Ndiyo maana nakwambia, huyu usimzike."

Tukacheka sote, akaenda zake. Nami nikachukua yale maneno nikayaweka kapu moja na matusi yake mengine.

Hilo ndilo kosa langu na nalisema mwenyewe. Kwa watu wengine onyo ni onyo. Sisi mtani akisema nyumba yako inaungua, unamuuliza kama ameleta nyama ya kuchoma.

Alhamisi asubuhi nilikuta kompyuta inalalamika kwamba sehemu ya kuwashia inakaribia kujaa. Mimi sipendi vitambaa vilivyorundikana. Daftarini nina amri ya kuondoa visivyotumika, niliinakili kwa yule bwana aliyeniuzia mashine. Nikaangalia keneli zilizopo, nikaona mbili, nikaandika namba ya ile ya zamani, nikaiondoa. Nikaona nafasi imerudi. Nikajisifu.

Kisha nikachomeka waya wa mashine ya kudarizi, nikaweka sweta ya kijani kwenye fremu, nikafungua nembo ya ile shule, nikabonyeza kitufe.

Hakuna mashine, programu ikasema.

Nikachomoa, nikachomeka. Hakuna mashine. Nikabadilisha tundu. Hakuna mashine. Wanawake wangu wakaacha vyerehani vyao wakasimama nyuma yangu. Mmoja akasema taratibu, "Bibi, tuje kesho?" Nikamwambia kaa chini, hakuna kesho.

Nikampigia mtani. Alikuwa Dodoma, basi lao limelala huko kwa ubovu, abiria wanakula.

"Mtani, mashine haionekani."

"Washa kwa keneli ya zamani, ushone. Nikirudi nitaangalia."

"Nimeiondoa."

Nikasikia mtu anauza mayai nyuma yake.

"Umeiondoa?"

"Nilidhani unatania."

"We mama! Miaka ishirini natania, siku moja nasema kweli, siku hiyo ndiyo hunisikii!" Akacheka, lakini si kicheko chake. "Halafu nakumbuka, hata ungekuwa nayo kioo kingekugomea, kitufe usingekifikia. Sikia, siwezi kitu huku njiani. Mwombe mkuu akusogezee mpaka Jumatatu."

"Simwombi."

"Basi mwite yule kijana, aweke toleo jipya."

"Bora niende Chole nikalime."

"Mzaramo alime?" akasema, simu ikakatika.

Nitasema ukweli, nilikaa kwenye kigoda nikaangalia ile sweta kwenye fremu na moyo ukaniuma. Saa tano asubuhi. Nikafikiria mkuu wa shule anashuka kwenye gari kesho, anakuta kifua cha sweta kitupu, na kijana wake nyuma anatabasamu tena. Ni lile tabasamu lililoniinua.

Nikarudi kwenye dirisha jeusi. Kompyuta huandika kila kitu inachofanya, na mahali inapoandika napajua, nimepanakili daftarini. Nikaanza kusoma maandishi ya jana ya kuweka keneli, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo kama nilivyofundishwa darasa la tatu. Kiingereza changu ni cha namba na maneno ishirini hivi. Lakini cherehani imenifundisha jambo moja. Usisome nguo nzima, tafuta mshono uliopishana.

Nikaukuta. Palikuwa na mstari unaolitaja jina la draiva ya mashine yangu ya kudarizi, yaani kile kiprogramu kinachoitambulisha mashine kwa keneli, kisha namba ya keneli mpya, kisha neno la kwamba haikupata kitu, na jina la kitu hicho. Jana ulipita mbele ya macho yetu wote wawili na hatukuuona, tulikuwa tunaangalia kioo kinavyong'aa.

Kile kitu nikakiandika daftarini herufi moja moja. Nikafungua kurasa za nyuma, za wakati wa yule bwana wa Dar es Salaam. Jina lile lile lipo! Aliliweka siku aliyonifungia mashine. Lakini mbele ya jina lake kulikuwa na namba ya keneli ya zamani. Nikaiuliza kompyuta inionyeshe yote yenye jina hilo. Ikaonyesha moja tu, yenye namba ya zamani.

Nikacheka kwa sauti. Nilikuwa nimeona shati lenye mgongo wa saizi kubwa na kifua cha saizi ndogo. Draiva ya mashine hujengwa upya kila keneli inapobadilika, na ili ijengwe inahitaji vipimo vya keneli hiyo. Sisi tulileta msimamizi mpya, tukasahau kuleta vipimo vyake. Miaka yote vipimo vilikuja vyenyewe kwa sababu keneli zilikuwa za ukoo mmoja. Hii ilikuwa ya ukoo wa mbele.

Nikaandika amri ya kuleta, jina lile lile, na namba mpya. Nilikagua mara tatu. Mmoja wa wanawake wangu akanisomea kutoka daftarini, nami nafuata kwenye kioo. "Kistari?" "Kistari." "Nukta?" "Nukta. Haya, bismillahi." Nikabonyeza.

Maandishi yakakimbia. Safari hii sikuangalia pengine. Nikaliona jina la draiva linapita, na mwisho wake halikusema haikupata. Nikazima, nikawasha, nikachomeka waya.

Taa ya mashine ikawa ya kijani.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado. Sweta ya kwanza ilimaliza nembo yake kabla sijaenda kutia udhu, mwenge na kitabu na jina la shule, uzi haukukatika hata mara moja. Tukadarizi ya pili, ya tatu, na kwa kuwa nilikuwa nimeudhiwa tukaendelea mpaka kumi na nane.

Ijumaa saa nne mkuu wa shule alishuka. Nilikuwa nimezikunja juu ya meza. Akainua moja, akapitisha kidole kwenye nembo, akageuza ndani aangalie mafundo. Huyo anajua kukagua.

"Niliomba tatu," akasema.

"Nilikuwa na nafasi."

Akacheka. Akasema zote zilizobaki zitaletwa Jumatatu, na za mwaka unaofuata tuzungumze mapema. Kijana wake alikuwa ameshainamia kompyuta.

"Bibi, toleo bado ni lile lile."

"Lile lile."

"Keneli mpya."

"Mpya."

"Na draiva? Nani amekujengea?"

Nikamwonyesha mikono yangu. Akaitazama, na nampa haki yake, hakutabasamu. Akatoa simu akataka kupiga picha ule ukurasa wa daftari. Nikaufunika na kiganja.

"Mwalimu, kalamu hiyo hapo. Andika, kama nilivyoandika mimi."

Akakaa kwenye kigoda changu na shati lake lililonyooka, akaandika, mstari kwa mstari. Nilimsahihisha mahali alipoacha nukta.

Mtani aliporudi kutoka Tabora alidai kuku. Nikamwambia kuku ni wa anayezika, na keneli nilizika mimi, kwa hiyo kuku ni wangu. Tukamla pamoja. Akanirudishia keneli ya akiba, pamoja na vipimo vyake, na akanionyesha namna ya kuichagua wakati wa kuwasha. Siku hiyo nilimsikiliza, na kila alichosema nilimuuliza, "Huu utani au kweli?" Alichoka.

Wako wanaoniambia mpaka leo, mama badilisha, mama utaachwa. Najua kwamba siku moja waliolitoa toleo hili wataacha kulitunza. Siku hiyo nitaamua mimi, si wao, na programu ya kufungulia nembo zangu iwe imepatikana kwanza. Mtu asinisukume mlangoni kwangu.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vitano Kibaha, ya matofali, hati ina jina langu. Chumba cha karakana mbele yake. Ekari tatu Chole, mikorosho na mihogo. Vyerehani vinne, kimoja cha kukanyaga. Mashine ya kudarizi moja, sindano sita. Kompyuta moja, toleo la zamani, keneli mbili. Diski ya pili yenye nakala ya kila kitu, iko kabatini. Nembo thelathini na nne, tatu nimechora mwaka huu. Wanawake watatu ninaoshona nao, maana mmoja nimemwongeza. Sweta za ile shule.